Shetani wa Bi Mize

Habari ya kifo cha Shangazi Saada niliisikia kwenye simu, kwa sauti ya mpwa wangu aliyeituma kwenye kundi la ukoo, na siku ya pili ya matanga nikawa nimeshafika Gando. Nimestaafu ualimu, magoti yananisumbua, na sikwenda pale kugombana na mtu. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu, nikapewa kahawa na tende, nikasikiliza. Mama mmoja wa makamo, ambaye simjui, akamwambia jirani yake, "Saada yuno pepo yakwe i wazi. Kamuuguza mamaake peke yakwe, hana wa kumpokea." Mwenziwe akaitikia, "Kweli, shoga. Siku hizi nani afanya hayo?" Walikuwapo watu wazima wawili watatu waliokuwapo mwaka ule nilioishi mimi katika nyumba ile, na wote wakainamia vikombe vyao. Na mimi nikasema Mungu amrehemu, na nilisema kwa moyo. Kisha nikajifanya nakwenda msalani, nikapita mlangoni pa chumba cha ndani. Siku hizi ni stoo ya magunia. Ukuta wa chokaa umepigwa saruji na kupakwa rangi ya kijani mpaka chini. Niliinama nikaweka kiganja ukutani, chini kabisa, kwenye kimo cha kitanda, na mara nikakiondoa kama mwizi. Asubuhi ya kesho yake, nyumbani kwangu Chake Chake, nikakaa nikaanza kuandika.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipotoka Makangale na mfuko wangu wa nguo kuja kukaa kwa Shangazi Saada ili nisome. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na chokaa, ya zamani, yenye ukumbi mpana mbele, vyumba viwili kila upande, na cha tano nyuma kabisa, kisicho na dirisha, ambacho mlango wake ulikuwa na komeo upande wa nje. Shangazi alikuwa na miaka arubaini na kitu, mwepesi wa miguu, msafi wa kupindukia, mcheshi. Mumewe alikuwa Tanga kwa shughuli zake, akionekana mara mbili kwa mwaka. Siku ya kwanza alinipikia muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, akanikalia mbele mpaka nikamaliza, akaniongeza. Nilishiba katika nyumba ile kuliko nilivyopata kushiba maishani, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Nilipokuwa nanawa mikono akaniambia, kwa sauti yake laini ya kubembeleza, "Chumba kile cha mama usingie, mwanangu, mpaka uniambie. Ana mtu wakwe." Sikuuliza mtu gani. Kwetu, ukiambiwa mgonjwa ana mtu wake, umeshajua kuwa anayezungumziwa hana miguu ya kukanyaga ardhi.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Bi Mize, mama yake mzazi, aliyepooza miguu; hakuwa bibi yangu wa damu, kwani Shangazi na baba yangu walichangia baba tu. Mchana nikirudi kutoka skuli nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia mchwa. Jua limesimama, kuku wamejificha, Shangazi yuko kisimani na ndoo zake, na huko nyuma kwenye chumba cha komeo kinagongwa kifuu cha nazi juu ya mbao za kitanda. Ko. Ko. Kinanyamaza. Halafu huanza sauti nyingine, ndogo, ya majimaji, inayojirudia polepole, inakoma, inaanza tena. Sikuwa na jina lake. Nilikuwa nakula chakula changu ukumbini huku nimeupa mlango ule mgongo, kisha naona bora niutazame, kisha naona bora nisiutazame. Shangazi akirudi huingia ndani na ndoo moja na vitambaa, na kupitia ukutani nilimsikia akisema na mama yake kwa upole, mpaka nikawa namwonea wivu Bi Mize kwa kubembelezwa vile. "Leo umekuwa mtu mzuri, mama. Kukavu. Waona kukavu kunavyopendeza? Basi na kesho iwe vivi."

Wanawake wa jirani walikuja alasiri kumjulia hali. Hawakuingia, walisimama mlangoni, wakachungulia, wakasoma wanachokijua, wakarudi ukumbini kunywa kahawa na kuzungumza juu ya shetani. Alama zake zilijulikana na kila mtu. Alimkausha mgonjwa mpaka ngozi ya mkono ukiivuta hairudi. Alimfanya apayuke maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Alimpaka ulimi na midomo kitu cheupe, na watu wakasema humlisha majivu ya makaburini. Na aliacha alama ukutani, karibu na mto, doa refu linalong'aa ambalo kila likipakwa chokaa lilirudi pale pale. Lakini ajabu kubwa ya shetani yule ni kuwa alipenda kombe, yale maji ya aya anayonyweshwa mgonjwa. Mashetani wengine kombe huwachoma. Kwa huyu, mgonjwa wake alilililia. "Shetani msomi huyo," mama mmoja aliwahi kutania, "keshakhitimu." Walicheka wote, na Shangazi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Makombe yale niliyabeba mimi. Kila Jumatatu na Alhamisi nilikwenda kwa Mwalimu Shaame, mzee mrefu mwenye mtoto wa jicho upande mmoja, nikamkuta ameshaandika aya kwa kalamu ya mwanzi na wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe. Nilifunika kwa kawa nikarudi nayo polepole, huku nasoma Ayatul Kursiyyu njia nzima. Nyumbani Shangazi alimimina maji kama kikombe kimoja cha kahawa, akaizungusha sahani mpaka maandishi yakayeyuka na maji kuwa ya rangi ya chungwa, akaingia nayo. Mara ya kwanza nilipoona kwa upenyo wa mlango sikulala vizuri wiki nzima. Mikono miwili mikavu iliinyakua sahani. Alikunywa, kisha akailamba, akailamba mpaka nikasikia meno yakigonga kaure, na Shangazi alipomnyang'anya akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu. Shangazi akatoka, akaniambia taratibu, "Umwona? Yuno si mama." Nikamsadiki. Nitasema wazi, maana sina wa kumficha tena: miezi minne nilimwogopa aliyekuwa akidhulumiwa na nikampenda aliyekuwa akidhulumu, na mapenzi yangu yalikuwa ya kweli.

Masika yalipoingia, kuta za nyumba ile zilianza kutoka jasho, kama kuta zote za chokaa za zamani. Mchana mmoja Shangazi alikwenda mazikoni kijiji cha pili, akaniachia nyumba. Mvua ilikuwa inapiga bati. Niliposikia ile sauti ya majimaji, siku hiyo ilikuwa na haraka, na ndani yake kulikuwa na pumzi za mtu. Nilichukua juzuu yangu nikaishika kifuani, nikavuta komeo, nikaingia ili nimsomee shetani usoni. Nadhani nilitaka kuwa shujaa. Chumbani mlinuka mkojo wa zamani na ubani. Bi Mize alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, na alikuwa anaulamba ukuta. Ulimi ulitoka ukapita juu ya chokaa pale penye unyevu, ukarudi, ukatoka. Doa lile tulilokuwa tukilitazama kutoka mlangoni lilikuwa limeshaingia ndani, limekuwa laini na lenye bonde kidogo. Alinisikia, akageuza kichwa. Midomo ilikuwa myeupe kwa chokaa. Akaniambia kwa sauti ya bibi yeyote yule anayemtuma mjukuu wake, "Mwanangu, pano pashakauka. Nivute kidogo kule, ndiko kunakovuja."

Mashetani huomba damu, huomba udi, huomba kilemba chekundu. Sijawahi kusikia shetani anayejua ukuta unavuja upande gani. Juzuu niliiweka juu ya rafu, nikakimbilia mtungini, nikarudi na kata imejaa. Alikunywa kata tatu. Baina ya kata na kata alinishika kanzu ili nisiondoke, na mimi nilikuwa nalia bila ya sauti. Alipotosheka aliniambia, "Usimwambie Saada. N'takojoa, naye atajua." Nikarudisha komeo. Shangazi aliporudi niliketi ukumbini na kitabu juu chini, nikasikiliza. "Mama," akasema kwa upole wake, "umekojoa. Nani alokupa maji?" Mvua ilikuwa imekatika. Bi Mize akajibu, "Mtu wangu." Akaniokoa kwa uongo ule ule uliokuwa unamuua. Shangazi akasema, sauti yake ikiwa vile vile, haikupanda hata kidogo, "Haya. Basi mwambie mtu wako, wiki hii hata kombe hupati."

Alhamisi nilipotumwa kwenda kumwambia Mwalimu Shaame asiandike, nilimkuta anasaga zafarani. Nilimwambia, "Mwalimu, Bibi hana shetani. Ana kiu." Aliendelea kusaga. Nikamweleza ukuta, ulimi, kata tatu, komeo. Akaniuliza, "Umeona kwa macho yako, au wadhani?" Nikamwambia nimeona. Akaweka kinu chini, akafuta mikono, akautazama mkono wake wa kuandikia. "Miezi minane," akasema. "Miezi minane naandika, nao waniambia kombe langu lapokewa. Naliona fahari, wallahi. Kumbe alikuwa akinywa maji." Nilidhani atavaa kilemba aende pale pale. Hakwenda. Alisema Saada ni mtoto wa watu, jina lake likimwagwa haliokoteki, tumsitiri. Akapanga jambo lake: atapeleka habari kuwa shetani yule ni mzito, ataka makombe matano kwa siku, kila baada ya swala, tena si kwa sahani bali kwa bakuli kubwa lililojaa, na mkono wa kunywesha uwe wa msichana anayesali, si wa mwana wa tumbo lake.

Siwezi kumcheka Mwalimu, kwani dawa ile ilifanya kazi. Shangazi alikuwa mcha Mungu. Hakuthubutu kupunguza kilichoandikwa. Mimi nilinywesha bakuli la alfajiri kabla ya skuli, nikafua shuka, na la adhuhuri nikirudi, kisha yale matatu yaliyobaki kila baada ya swala. Wiki tatu hazikwisha, Bi Mize akaweza kukaa akiegemea mto. Ulimi ukarudi mwekundu, kupayuka kukaisha, na tukagundua kuwa ni mtu wa maneno. Alinitania bila ya huruma. "Nyie watu wa Makangale," aliniambia, "mwatembea kama mwatafuta kuni." Aliniuliza majina ya walimu wangu na akayajua majina ya babu zao. Hakumtaja binti yake kwa ubaya hata mara moja, na mimi sikumuuliza. Leo najua kosa letu lilikuwa hapo. Mimi na Mwalimu tulimpa maji, lakini tukaiacha hadithi ya shetani isimame, na maadamu imesimama, ufunguo wa kata ulikuwa bado uko kwa Saada. Wakati ule nilijiona mjanja sana.

Watu waliona mgonjwa amepona, wakasema shetani kaondoka. Na shetani akishaondoka, kombe la nini? Mwalimu Shaame alikuwa amevuka kwenda Unguja kutibiwa jicho. Shangazi alifurahi kwa dhati. Nilimwona akisujudu sijida ya shukrani palepale ukumbini. Akaniambia, "Kazi yako ishakwisha, mwanangu, ahsante. Sasa kasome, mitihani ikaribu." Komeo likarudi mahala pake. Siku ya kwanza niliomba niingie, akanikumbatia akasema mama kalala. Siku ya pili akatia kufuli. Siku ya nne, kutoka kwenye chumba kile, kifuu kikaanza kugonga, na Shangazi alikuwa anapepeta mchele wa dua ya shukrani iliyopangwa kusomwa kesho yake. Alipepeta kwa kufuata mdundo wa kifuu, bila ya kujijua. Ko, akarusha. Ko, akarusha. Nilimtazama nikaogopa kumwita.

Dua ilisomwa baada ya adhuhuri. Ukumbi ulijaa wanawake, sinia za pilau zilikuwa zimeshafunikwa pembeni, na Bi Riziki, mdogo wake Bi Mize, alikuwa amefika kutoka Wambaa na mkoba wake wa ukili. Kila mmoja alikuwa na neno zuri kwa Shangazi, naye alikuwa analia kwa kilio cha kweli. Bi Riziki akasema anataka kumwona dada yake. "Kalala, mama mdogo," akajibu Shangazi. "Kula kwanza." Msomaji alipovuta pumzi baina ya dua na dua, ukumbi ukatulia, na katika utulivu ule tukaisikia sote. Ndogo, ya majimaji, inakoma, inaanza. Nyuso zikageuka moja moja kuelekea nyuma ya nyumba. Mtu akanong'ona, "Karudi." Mwengine akanyoosha mkono kutafuta chetezo. Hakuna aliyeinuka.

Niliinuka mimi. Nilichukua jagi la maji lililokuwa katikati ya mkeka, nikasema, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto, "Si shetani. Ana kiu. Njooni muone." Shangazi akaniambia, "Raya, kaa kitako, mwanangu." Kwa sauti ile ile. Niliitii sauti ile tangu siku niliyofika, nikaanza kukaa kabla sijaamua lolote. Bi Riziki ndiye aliyenishika kiwiko. "Ufunguo," akamwambia Shangazi, na mkono akauacha umenyooshwa mpaka ufunguo ukatiwa ndani yake. Mlango ulipofunguka mwanga wa ukumbi uliingia mpaka kitandani, na wale waliokuwa wakichungulia miezi yote wakaona kwa mara ya kwanza. Bi Mize alikuwa ukutani. Kiangazi kilikuwa kimeingia na ukuta ulikuwa mkavu, lakini alikuwa bado akilamba. Nikaliweka jagi mikononi mwake. Alikunywa, akapumua, akanywa, na wanawake wote walisimama wakisikiliza koo lake. Bi Riziki akapitisha kidole juu ya lile bonde ukutani, akautazama ulimi wa dada yake, akatoka. "Saada, umefanyani?"

Shangazi alikuwa amekaa chini kati ya masinia. "Shuka tatu kwa siku, mama mdogo," akasema. "Tatu. Na kisima kiko kule. Nkamwambia anywe kidogo, basi. Kidogo ikawa nzuri, nkapunguza tena. Miaka mitatu hakuja mmoja kunambia, Saada, nipe shuka moja n'kufulie. Mwaja, mwanywa kahawa, mwamtazama shetani, mwenda zenu." Alikuwa anasema kweli. Nimeifikiri kweli ile miaka mingi, nimeigeuza kila upande, nami najua uchovu unavyoweza kumla mtu, kwa kuwa na mimi nimeuguza. Lakini kufuli aliitia mwenyewe kwa mkono wake, na kila siku alijua kilichoko upande wa pili wa mlango. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalolifuta lingine.

Siku ile ile Bi Riziki akamchukua dada yake kwenda Wambaa. Mimi nilifunga mfuko wangu, mke wa Mwalimu Shaame akanipokea mpaka nikafanya mitihani. Wako wanawake walioacha kuitikia salamu yangu, kwa kuwa nilimwaga jina la mtu mbele ya sinia za pilau. Mwalimu aliporudi hakuniuliza kitu. Aliacha kuandika makombe ya watu wasiokuja wenyewe kwake, wala hakumweleza mtu sababu.

Likizo ilipofika nilikwenda Wambaa. Bi Mize alikuwa na kikombe chake cha bati na jagi kando ya mkono, na alikuwa amenenepa uso. Nilidhani atanibusu. Aliniuliza, "Saada hajambo? Ana nani?" Kila siku aliuliza hivyo, mpaka Bi Riziki akawa anatoka nje asijibu. Siku ya tano Shangazi Saada akaja, na kikapu cha maandazi, amekonda, mabega yameanguka. Bi Mize alipomwona alijivuta mwenyewe kwenye mto. "Tokeni," akatuambia. "Niacheni na mwanangu." Bi Riziki akasitasita, kisha akaenda jikoni. Mimi nikabaki nimekaa mlangoni. "Toka kidogo, mwanangu," Shangazi akaniambia. Bi Mize akaongeza, kwa ukali ambao hakuwahi kunionyesha, "Toka, Raya. Weye si wetu." Liliniuma neno lile, na bado laniuma. Shangazi akajaza kikombe. Akapitisha mkono nyuma ya kichwa cha mama yake, akakiinua kwa ustadi ambao sisi wengine hatukuwa nao, akamnywesha taratibu, tone lisimwagike, na mama alikunywa huku macho yako usoni mwa binti yake. Nilitazama mpaka tone la mwisho. Kikombe kiliporudi chini walinigeukia wote wawili, mama na mwana, kwa macho ya aina moja, wakingoja niondoke. Sikuondoka.